Mifugo Huhesabiwa Inapolala

Ntinda, Kampala
9 Septemba 2024

Kwa mpendwa Abba,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ng'ombe wazima. Mimi sijambo. Mvua ya hapa inanyesha kama mtu aliyesahau kufunga mfereji.

Leo nakuandikia kwa sababu ya kazi. Mwaka jana uliniuliza nafanya kazi gani, nikasema takwimu, ukanijibu kwamba hilo ni neno tu, si kazi. Sasa nikueleze vizuri. Nchi saba zimekubaliana kuhesabu mashamba yao kwa fomu moja. Zamani kila nchi ilihesabu kivyake. Mtu mwenye migomba kumi nyuma ya nyumba, huku aliitwa mkulima, ng'ambo ya mpaka hakuitwa kitu. Kazi yangu ni kuandika mwongozo: shamba ni nini, mwenyewe ni nani, na likiwa dogo kiasi gani halihesabiwi.

Wenzangu ofisini wanajua migomba, chai na kahawa. Nikisema mtu anaweza kuwa na mali bila kuwa na ardhi, wananitazama tu. Kwa hiyo nisaidie maswali matatu. Una mifugo mingapi? Mnyama wako akikaa kwa mtu mwingine, tumhesabu kwa nani? Na mtu akibaki na wanyama wachache kiasi gani, haitwi tena mfugaji?

Barua itapanda basi mpaka dukani kwa Mohamedamin hapo Isiolo, naye ataitia kwenye lori la Garbatulla kama siku zote. Najua ni mwezi mzima. Tangu homa ile ikuzibe masikio, simu haitufai tena, na mimi hata sichukii. Nikiona mwandiko wako naona na mkono.

Binti yako,
Fardosa

*

Garbatulla
28 Septemba 2024

Kwa mwanangu Fardosa,

Waaleikum salaam. Barua imefika. Nimeisoma mara tatu, kama mwalimu wetu wa ngumbaru alivyotufundisha.

Swali la kwanza. Andika ng'ombe arobaini na wawili, wengi wekundu. Mbuzi ni sitini na kitu. Ngamia sina, unajua sipatani nao.

Swali la pili. Sisi Waborana tunaazimana ng'ombe. Jirani akikosa maziwa nampa mmoja akae naye, amkamue. Ng'ombe ni wangu, hakuna wa kubisha. Lakini wewe na kalamu yako ukiniuliza leo amekunywa wapi, sijui. Anaumwa? Sijui. Anayejua ni yule aliye naye. Basi mhesabu pale anapolala.

Swali la tatu. Mbuzi kumi. Mwenye kumi akipigwa na ukame bado anaweza kubaki na wa kuanzia. Chini ya hapo si mfugaji, ni mtu anayengoja. Anaamka asubuhi hana pa kwenda. Mtu kama huyo usimwandike, utamtia aibu bure.

Kula vizuri. Kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba.

Babako,
Tadicha Ado

*

Ntinda, Kampala
17 Novemba 2024

Kwa mpendwa Abba,

Assalaam aleikum. Ungekuwapo mkutanoni! Wajumbe wa nchi saba walikuwa wamebishana siku mbili juu ya wanyama wa kuazimwa. Nikanyanyuka nikasema, "Mnyama huhesabiwa anapolala." Mwenyekiti akaniuliza nimeitoa wapi, nikasema kwa mtaalamu mmoja wa Garbatulla mwenye ng'ombe arobaini na wawili. Wakacheka, lakini waliiandika. Na mbuzi kumi wakakubali pia, au ng'ombe wawili, au nusu ekari inayolimwa. Chini ya hapo karani anafunga fomu na kwenda nyumba nyingine. Kwa hiyo, Abba, maneno yako sasa ni sheria ya nchi saba.

Nilitamani kukueleza siku hiyo hiyo. Nilitoka ofisini nikatembea mpaka nyumbani nikitafuta mtu wa kumwambia, nikamwambia mwenye kibanda cha mayai. Alifurahi kwa adabu.

Jambo moja limenishangaza. Majibu yako siku hizi yanakuja upesi, wiki tatu, mara nyingine mbili. Barabara ya Garbatulla imekuwa nzuri hivyo?

Fardosa

*

Garbatulla
5 Desemba 2024

Kwa mwanangu Fardosa,

Waaleikum salaam. Ndiyo, barabara ni nzuri kidogo. Malori ni mengi.

Nimefurahi kwa ajili yako. Lakini nikuulize. Hayo maneno yangu mliyoyatia kitabuni, yanaweza kufutwa? Mtu mzee huandika siku moja akiwa na majivuno, kesho akaona alisema zaidi. Hasa hayo ya mbuzi kumi. Fikirini tena.

Ng'ombe wazima.

Babako,
Tadicha Ado

*

Ntinda, Kampala
14 Machi 2025

Kwa mpendwa Abba,

Assalaam aleikum, na Ramadhani karimu. Nisamehe kwa kimya, kazi zilinimeza. Mimi nafuturu vizuri, na wenzangu wengi, usiwe na wasiwasi.

Acha kujishusha. Maneno yako hayawezi kufutwa, nchi zote zimeshatia sahihi. Na kuna habari njema: fomu itajaribiwa Aprili, na Isiolo imo. Makarani watapita mjini na Garbatulla pia. Wakifika bomani kwako waoneshe ng'ombe wote, uwazungushe mpaka wachoke! Nitaona jumla tu, majina yanafichwa, lakini nitajua kwamba ndani ya tarakimu ile umo.

Fardosa

*

Garbatulla
26 Aprili 2025

Kwa mwanangu Fardosa,

Waaleikum salaam. Makarani wamepita. Kwangu hawakufika.

Lakini nina habari ya mzee mmoja, rafiki yangu, anayekaa Bulla Pesa, huko Isiolo mjini, chumba cha kupanga. Zamani alikuwa na ng'ombe. Sasa anafanya kazi kwenye soko la mifugo, anapaka rangi mbuzi wa wafanyabiashara, wengine nyekundu, wengine buluu, ili wasichanganyike kwenye lori. Karani alikuja kwake, msichana wa Kiturkana wa mtaa wa Chechelesi, anaitwa Akuam. Ana heshima sana. Alivua viatu mlangoni. Mzee akampa chai.

Akuam akamwandikia maswali kwenye karatasi, moja moja. "Una shamba?" Hapana. "Una mbuzi?" Hapana. "Ng'ombe?" Mzee akasema yuko mmoja, mwekundu, yuko Garbatulla kwa rafiki yake Kanchoro. Akaandika, "Nani anamlisha?" Kanchoro. "Analala wapi?" Kwa Kanchoro. Basi Akuam akatazama ile tableti yake, akaandika kwenye karatasi, "Pole mzee, huyo ni wa Kanchoro." Akafunga. Chai ilikuwa bado nusu kikombe. Aliimaliza akiwa amesimama, akashukuru, akaenda kwa jirani.

Mzee huyo ameniuliza, nami nakuuliza wewe. Miaka hamsini alichunga. Hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika hivyo? Hata mstari mmoja?

Babako,
Tadicha Ado

*

Ntinda, Kampala
12 Mei 2025

Kwa mpendwa Abba,

Assalaam aleikum. Nimemsikitikia rafiki yako, lakini karani alifanya sawasawa, na nitamwombea asifiwe.

Mweleze hivi. Hatuhesabu watu, tunahesabu shughuli. Tukianza kuandika kila aliyewahi kufuga, kitabu kitajaa mifugo iliyokufa, na mwenye kutaka kujua malisho au chanjo zinatakiwa kiasi gani atapotea. Yeye atahesabiwa kwenye sensa ya watu, huko ndiko kwake. Na ng'ombe yule hajapotea, amehesabiwa kwa Kanchoro. Ni wewe mwenyewe uliyenifundisha hivyo, na uliniambia pia kwamba wa chini ya kumi tusimwandike, tutamtia aibu. Mwambie asichukue moyoni.

Ng'ombe wako je? Hukuniambia safari hii.

Fardosa

*

Ntinda, Kampala
20 Julai 2025

Abba,

Assalaam aleikum. Wiki kumi sasa. Nimetuma barua mbili baada ya ile ya Mei, hakuna jibu. Nimempigia Mohamedamin mara mbili, anasema mtandao mbaya, simu inakatika. Unaumwa? Nimekukosea? Tuma hata karatasi tupu, nione umeikunja mwenyewe.

Fardosa

*

Isiolo
29 Julai 2025

Dada Fardosa,

Salaam aleikum. Ni mimi Mohamedamin wa duka. Kuandika si kazi yangu, utanisamehe.

Ulinipigia nikasema mtandao. Haikuwa mtandao. Mzee alikuwa ameketi hapo mbele yangu kwenye gunia la sukari, na aliniapisha zamani nisiseme. Lakini sasa naona dhambi ya kunyamaza imezidi ya kusema.

Babako hayuko Garbatulla. Barua zako hazijapanda lori tangu mwanzo wa mwaka wa ishirini na tatu. Anakuja dukani kwa miguu kutoka Bulla Pesa, anazisoma hapa, anajibu hapa, juu ya hii kaunta yangu, anaandika "Garbatulla" juu ya karatasi. Ng'ombe wake walikwisha wakati wa ule ukame. Amebaki mmoja.

Yule rafiki yake mwenye kupaka mbuzi rangi ni yeye.

Ile barua yako ya Mei aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama nina kazi yoyote ya kumpa. Nikampa maharagwe achague mawe. Akachagua gunia zima, mpaka jioni. Tangu siku hiyo anakuja, anachukua barua zako, hafungui. Anaziweka mfuko wa shati.

Usiniambie nimefanya vibaya. Ni mzee, na sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Mohamedamin

*

Ntinda, Kampala
6 Agosti 2025

Abba wangu,

Assalaam aleikum. Nimemwomba Mohamedamin akufungulie hii na kukuwekea mkononi. Usimkasirikie. Mimi ndiye niliyemsumbua kwa simu mpaka akasema.

Uliniandikia kwamba karani aliandika maswali kwenye karatasi. Nani huandikiwa maswali isipokuwa mtu asiyesikia? Nilisoma nikapita. Kazi yangu nzima ni kusoma majibu ya watu na kuona pale ambapo hayakai sawa, na la babangu sikuliona. Nikakujibu kama ofisi.

Na ile sheria sikuiona kuwa na mtu ndani yake. Niliiona ni nzuri kwa sababu ilikuwa fupi.

Nami nikuambie kweli yangu, maana sioni haya tena. Hakuna wenzangu wa kufuturu nao. Ramadhani yote nilifuturu peke yangu, tende tatu na uji, redio ikisoma habari za lugha nisiyoielewa. Ofisini wananiheshimu, na saa kumi na moja wanakwenda makwao. Miaka minne hapa, mlango wangu umegongwa na mtu wa maji na mtu wa stima. Nilikuandikia nina watu kwa sababu nilidhani wewe una ng'ombe arobaini na wawili na marafiki bomani, na sikutaka kukuharibia.

Septemba wajumbe wa nchi saba watakutana tena. Nitasimama niombe mstari mmoja uongezwe. Abba, niambie ilivyokuwa. Si kwa fomu. Niambie mimi.

Fardosa

*

Bulla Pesa, Isiolo
18 Agosti 2025

Kwa mwanangu Fardosa,

Waaleikum salaam. Unaona nimeandika Bulla Pesa juu. Mkono ulikataa kidogo.

Nitakuambia mara moja, usiniulize tena.

Mvua ilikosa mara ya kwanza, tukasema itakuja. Ikakosa mara ya pili, nikawahamisha ng'ombe kwenda mtoni, mimi na Kanchoro. Kila mtu alikuwa na wazo hilo hilo. Majani yalikwisha kabla hatujafika. Walianza kulala chini na kukataa kuamka. Ng'ombe akilala hivyo unamshika mkia, mwenzako pembe, mnamnyanyua, anasimama kidogo, anakutazama. Asubuhi tulinyanyua kumi. Siku nyingine kumi na wanne. Mwisho mikono ilikataa, na Kanchoro akasema, "Tadicha, waache wapumzike." Nilimtukana. Halafu nikawaacha.

Mbuzi walikwisha kwa ugonjwa baadaye, mvua ilipokuja kubwa mno.

Kwa nini sikukuambia? Wewe ndiwe pekee duniani ambaye kwako bado nilikuwa na ng'ombe. Hapa mjini mimi ni mzee asiyesikia mwenye kopo la rangi. Nikikuandikia nilikuwa nawaona. Ulipouliza ni wangapi, niliandika wale wa mwaka ule ulipoondoka nyumbani, na mkono ukaenda wenyewe kwa furaha. Hiyo saa moja dukani kwa Mohamedamin nilikuwa mtu mwenye zizi.

Na pale uliponiuliza ni nani haitwi tena mfugaji, nilijieleza mwenyewe. Sikutunga. Anaamka asubuhi hana pa kwenda, huyo ni mimi. Niliandika usimwandike kwa sababu mimi sikutaka kuandikwa. Lakini msichana yule alipofunga tableti, nilijua nilidanganya hata hapo. Nilitaka sana. Nilitaka aulize swali moja zaidi.

Usigombane na wakubwa wako kwa ajili yangu. Sheria si mbaya. Ng'ombe yule kweli analala kwa Kanchoro, na Kanchoro ndiye anayemtoa kupe.

Babako,
Tadicha Ado

*

Ntinda, Kampala
21 Septemba 2025

Kwa mpendwa Abba,

Assalaam aleikum. Nimesimama, na nimeshindwa.

Niliomba swali moja tu liwekwe mwisho wa fomu, hata kwa asiye na kitu: "Katika miaka mitano iliyopita, ulikuwa na mifugo au shamba? Nini kilitokea?" Mjumbe mmoja akauliza jibu lake litaingia jedwali gani. Nikasema jedwali jipya. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba takwimu za mashamba ni za mashamba. Nikawaambia yule mtaalamu wa Garbatulla niliyemtaja mwaka jana hana ng'ombe arobaini na wawili, kwamba nilichukua barua ya babangu nikaifanya ushahidi bila kwenda kutazama. Hakuna aliyecheka safari hii. Mama mmoja wa kutoka nchi ya milima, ambaye hatujawahi kusemezana, aliniunga mkono. Tulikuwa wawili.

Kwa hiyo kitabu kitatoka kama kilivyo. Kwenye mashamba ya nchi saba, Abba, wewe humo. Sitaki nikudanganye tena kwa kukufariji.

Baada ya mkutano yule mama alikuja akaketi karibu nami, akaniambia babake naye alikuwa na kondoo. Tulikunywa chai mpaka wahudumu wakaanza kukunja vitambaa vya meza. Ni mtu wa kwanza kuniuliza wewe, Abba, ni nani.

Nilitaka nikuombe uje Kampala, ukae nami. Kisha nikafikiri, utakaa chumbani ukitazama mvua, ukiningoja mpaka saa kumi na moja, na hiyo itakuwa Bulla Pesa nyingine, mbali zaidi. Kwa hiyo nimeomba likizo, wiki tatu. Nitafika Isiolo Jumamosi tarehe kumi na moja Oktoba. Nataka twende Garbatulla, unioneshe ulikopita nao mpaka mtoni, na unitajie kila mmoja kwa jina na rangi. Sitaandika chochote usipotaka.

Usiponijibu nitakuja tu.

Fardosa

*

Bulla Pesa, Isiolo
1 Oktoba 2025

Kwa mwanangu Fardosa,

Waaleikum salaam. Barua imefika leo, nami najibu leo, ili ikuwahi.

Hukushindwa. Mtu akisimama mbele ya nchi saba akasema babangu amefilisika, huyo ana moyo. Mimi sikuweza kusema mbele ya mmoja.

Nimemtumia Kanchoro habari kwa dereva wa lori. Amejibu kwamba njoo, ila mtoni kuna joto, ubebe maji na kofia. Kutaja majina nitaweza. Nilijaribu jana nikiwa sokoni na kopo langu, nikafika ishirini na saba bila kusimama. Mfanyabiashara mmoja akadhani nasali, akaningoja.

Ukishuka stendi usiniulizie kwa jina, hapa halijulikani. Pita msikiti, ingia njia ya mafundi baiskeli, uliza ploti ya mama Atabo anayeuza makaa. Mlango wangu ni wa tatu, wa bati jipya. Chumba ni kidogo. Nimefagia, nimehamisha makopo ya rangi nje kwa sababu ya harufu, na mama Atabo ameniazima godoro.

Aliniuliza la nani. Nikamwambia, binti yangu anakuja. Akaita wenzake, wakatoka vyumbani, wakasimama mlangoni kunitazama. Nimekaa nao karibu miaka mitatu, Fardosa. Hawakujua kama nina mtoto.

Babako,
Tadicha Ado